"Cheers" ya dereva wa basi na "cheers" ya glasi

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwenyeji wa Tanga, sasa niko Bristol, Uingereza, nasomea uuguzi. Nyumbani neno "cheers" nililijua la harusini tu, watu wakigonga glasi. Huku naambiwa "cheers" nikimshikia mtu mlango, abiria wanamwambia dereva wakishuka kwenye basi, na msimamizi wangu anamalizia nalo barua pepe. Mimi ni Mwislamu na sinywi pombe. Je, nikilisema nitakuwa nimetamka neno la ulevi? Nilitumie kwa nani, na kwa nani nisilitumie? Na idara yetu itakuwa na chakula cha jioni cha Krismasi. Wakinyanyua glasi nifanye nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole na baridi. Nianze na lile linalokukosesha raha. Hapana, ukimwambia dereva "cheers" hujatamka neno la ulevi. Neno hili lilikuwa na umri wa karne saba hivi ndani ya Kiingereza kabla halijaandikwa popote kama tamko la kunywea, na kazi yake ya kwanza ilikuwa uso wa mtu na moyo wake. Pombe ilikuja kulichukua baadaye, na shukrani ikaja baadaye zaidi. Nitakupitisha kwenye safari hiyo kwanza, kwa sababu ukiijua utaona mwenyewe mahali pa kulisema na mahali pa kuliacha, bila kukariri kanuni.

Asili yake ni uso. Waingereza walilipata "chere" kutoka Kifaransa cha kale, nacho kililitoa katika Kilatini cha zama za mwisho, "cara", yaani uso. Waspania hadi leo uso wanauita hivyo hivyo. Mwingereza wa karne ya 13 akikwambia fulani ana "chere" njema, alimaanisha ana uso mkunjufu. Na kwa kuwa moyo wa mtu husomeka usoni, neno likashuka likawa la moyo: hali ya mtu, furaha yake au huzuni yake. Ndiyo maana katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Yohana 16:33, Yesu anawaambia wanafunzi wake "be of good cheer", pale ambapo Biblia ya Kiswahili ya Union inasema "jipeni moyo". Hapo hakuna glasi wala meza. Ni watu walio katika dhiki wanatiwa nguvu.

Likawa salamu pia. "What cheer?" ilikuwa njia ya kujuliana hali, na kwa kutamkwa haraka haraka mitaani London ikafupika ikawa "wotcha", ambayo bado utaisikia kwa baadhi ya watu wa jiji hilo. Kuna jiji lililoifanya salamu hiyo kaulimbiu yake hadi leo, nalo ni Providence, katika jimbo la Rhode Island, Marekani. Inasimuliwa kwamba mwaka 1636 mhubiri Roger Williams, aliyefukuzwa Massachusetts kwa sababu ya msimamo wake wa dini, alivuka mto kwa mtumbwi akakuta Wanarragansett, wenyeji wa nchi ile, wako ukingoni, wakampokea kwa "What cheer, netop?" Netop kwa lugha yao ni rafiki. Napenda sana habari hii, kwa sababu inaonyesha neno ambalo leo tunalifungia baa likitumika kumpokea mtu aliyekosa pa kukaa.

Kutoka kwenye mapokezi, neno likafika kwenye sahani. Mgeni akipokewa kwa bashasha hupewa chakula, na Wafaransa mpaka sasa wakisema "faire bonne chère" maana yake ni kula vizuri. Waingereza nao wakaanza kuita mlo na vinywaji vya Krismasi "Christmas cheer". Karne ya 18 mabaharia wakalitumia kwa kelele za kushangilia, ndipo tukapata zile "three cheers", yaani kumshangilia mtu mara tatu kwa pamoja, na baada ya hapo waongoza shangwe wa michezo ya Marekani. Huyo wa kwanza anayetajwa alikuwa mwanamume, Johnny Campbell, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, tarehe 2 Novemba 1898. Kutamka "cheers" huku umeshika glasi kunaanza kuonekana kwenye maandishi mwaka 1919, vita kuu ya kwanza ndiyo kwanza imekwisha. "Cheers" ya kushukuru ni changa kuliko zote: ni ya miaka ya 1970.

Yawezekana kabisa kwamba shukrani ilipitia kwenye glasi. Mtu akinunuliwa kinywaji husema "cheers", na kwa tamko moja amemtakia mwenzake heri na amemshukuru kwa kumnunulia. Sikufichi hilo. Lakini mzee anayekwambia "cheers" unapomsogezea kiti hafikirii bia, na anayemsikia hafikirii bia. Mtoto wa shule anamwambia mwenzake aliyemwazima kalamu, na mchungaji anamwambia muumini aliyempa lifti. Katika maana hii neno limeshatoka mezani, na huku limezoeleka kiasi kwamba hakuna atakayekuuliza umeanza kunywa lini.

Sasa tuje kwenye matumizi, na hapa nitakaa zaidi kwenye shukrani kwa kuwa ndiyo utakayoitumia kila siku.

"Cheers" ya kushukuru ni ya mambo madogo. Ni sarafu ya mfukoni: inatosha kwa kitu kidogo unachopewa hapo kwa hapo, ila huwezi kununulia nyumba. Umeshikiwa mlango, umerudishiwa chenji, umepewa kikombe cha chai, umesogezewa chumvi, mtu amekupisha kwenye ngazi: "cheers", na mambo yameisha. Jambo likizidi hapo kwa uzito, neno hili huwa jepesi mno. Muuguzi mkuu akibaki nawe saa mbili baada ya zamu yake kukufundisha kitu usichokielewa, usimwambie "cheers" peke yake ukaondoka. Mwambie "thank you so much", na utaje alichokufanyia: "thank you so much for staying behind". Sisi tuna njia zetu za kulipima hilo. "Asante" tunaitoa dukani, lakini mtu akikusaidia kwenye msiba unamwambia "nakushukuru sana, Mungu akubariki", na kesho yake unampigia simu. Waingereza nao wana ngazi zao, na "cheers" iko chini kabisa. Hilo si kasoro yake. Neno jepesi linahitajika, kwa sababu shukrani nzito mahali pepesi humwelemea anayepewa. Ukimshukuru mtu kwa maneno kumi kwa kukupa kalamu, atajiuliza alichokosea.

Kwa kazi yako angalizo hili ni kubwa kuliko kwa mwanafunzi wa uchumi. Wagonjwa watakwambia "cheers" siku nzima: umewabadilishia shuka, umetundika dripu, umewaletea maji. Ipokee kwa furaha, ni shukrani kamili. Lakini wewe usiitumie palipo na maumivu. Mjane akikukabidhi nguo za marehemu mumewe uziweke mahali salama, au familia ikisaini karatasi baada ya kupewa habari mbaya, hapo ni "thank you" ya sauti ya chini. "Cheers" mahali hapo itasikika kama mtu anayekimbilia mambo mengine. Na ndugu yake, "cheer up", yaani changamka, iache kabisa kwa mgonjwa na kwa mfiwa. Ni ya rafiki aliyenuna kwa sababu timu yake imefungwa. Kwa mwenye huzuni ya kweli inamwambia kwamba huzuni yake inakusumbua wewe. Wanawake wengi wa Uingereza wamechoshwa nayo hata barabarani, wanapoambiwa na wanaume wasiowajua.

Basi la Bristol linastahili kueleza kidogo, maana umebahatika kuishi kwenye mji ulioifanya "cheers" kuwa alama yake. Mabasi mengi ya Uingereza nje ya London yana mlango mmoja, wa mbele, kwa hiyo kila anayeshuka lazima ampite dereva ana kwa ana. Kupita bila neno ni kumfanya kama hayupo. London abiria wengi hushukia mlango wa katikati, na dereva habahatiki kusikia kitu. Watu wa Bristol wamelikata neno "driver" likabaki "drive", wakapata "cheers, drive". Wanalipenda kiasi kwamba wananchi walipoulizwa wapendekeze jina la mtaa mpya mjini humo, mtaa ukaitwa Cheers Drive. Kwetu kwenye daladala tunamwambia konda "shusha" na tumemalizana naye. Kwa hiyo najua mwanzoni mdomo unakuwa mzito. Jilazimishe wiki moja. Dereva aliyekaa kwenye usukani tangu alfajiri analisikia, na wewe utaanza kujihisi mwenyeji.

Ukiwa hapo utasikia pia viambatanisho: "cheers, mate", "cheers, love", "cheers, bud", na kwa watu wa magharibi mwa Uingereza, hasa wa umri mkubwa, "cheers, my lover", yaani mpenzi wangu. Hii ya mwisho isikushtue. Hawakutongozi. Kwenye eneo hilo ni namna ya kumwita mtu kwa upole, kama shangazi wa Pwani anavyomwita kila kijana "mwanangu" hata kama hajawahi kumwona. Mgonjwa wa miaka themanini akikwambia hivyo, tabasamu uendelee na kazi. Wewe lakini usiyatumie maneno haya kabla hujayazoea. "Mate" inaweza kupita, lakini "love" na "my lover" mdomoni mwa mgeni kijana husikika vibaya, tena kazini.

Huenda pia unajiuliza kama ukiambiwa "cheers" lazima ujibu. Si lazima. Waingereza wengi hujibu "no worries", "no problem" au "you're all right", wengine hutikisa kichwa tu. Kuna jambo jingine utaliona dukani ambalo huwachanganya wageni: unalipa, muuzaji anasema "cheers", anakupa bidhaa, nawe unasema "cheers", anakupa risiti, anasema "cheers" tena. Nani anamshukuru nani? Wote wawili, na zaidi ya kushukuru wanaambiana kwamba shughuli imekwisha na hakuna anayemdai mwenzake. Kwa maoni yangu hapa ndipo "cheers" ya kuagana ilipozaliwa. Kushukuru na kuagana vyote hufunga jambo dogo kati ya watu wawili, ndiyo maana mtu akimaliza kuongea kwenye simu husema "cheers, bye" kwa pumzi moja, na huwezi kumtenganisha anayeshukuru na anayeaga.

Barua pepe ya msimamizi wako iko hapo hapo. Akimalizia "Cheers" na jina lake, anasema asante na kwaheri kwa pamoja, na anakuonyesha kwamba hataki mambo ya itifaki kati yenu. Ni ishara njema. Kumrudishia hiyo hiyo ni suala jingine. Mkubwa anaweza kujishusha kwako kabla wewe hujajipandisha kwake, na katika hilo Waingereza hawatofautiani nasi sana ingawa hawana shikamoo. Miezi ya kwanza maliza na "Many thanks" au "Kind regards". Akiendelea kukuandikia "Cheers" na mazungumzo yenu yamelegea, nawe legea. Lakini barua ya kuomba kazi, kuomba udhuru wa kukosa mtihani, kulalamika au kuomba radhi, usimalizie hivyo hata kama unaandikiana naye kila siku. Radhi iliyofungwa kwa "Cheers" haijaombwa.

Tena usilibebe neno hili ukidhani linafanya kazi hiyo hiyo kila panapozungumzwa Kiingereza. Australia na New Zealand wanashukuru nalo kama Uingereza. Mmarekani wa kawaida analijua la glasi. Ukimwambia "cheers" kwa kukushikia mlango ataelewa, lakini atakuona kama mtu aliyetoka Uingereza au anayejifanya ametoka huko. Kenya na Tanzania, kama ulivyosema mwenyewe, ni neno la sherehe. Ukirudi likizo Tanga ukamwambia mwenye duka "cheers", atakutazama.

Kuna "cheers" moja ya kuogopwa, ile ya kejeli. Mwenzako amemaliza maziwa yote ya chai bila kununua mengine, na mtu anafungua friji na kusema "oh, cheers". Au umempa mtu kazi mbaya dakika ya mwisho, naye anakujibu "cheers for that". Hapo hushukuriwi, unalaumiwa. Utaitambua kwa sauti. Ile ya kweli hutamkwa fupi na kwa wepesi, mtu akiwa tayari anaendelea na jambo jingine. Ya kejeli huvutwa, sauti huteremka, na mara nyingi msemaji hukuangalia kidogo baada ya kusema. Usijaribu kuitumia mwaka huu. Kejeli kwa lugha ya pili huenda kombo, na kazini itaachia jeraha ambalo hukulikusudia.

Matamshi nitayapitia haraka. Herufi ya mwisho ni sauti ya "z", si "s": karibu na "chiaz". Sehemu kubwa ya Uingereza hawaitamki ile "r", lakini Bristol wanaitamka, kwa hiyo unachokisikia kwenye basi kina "r" ya wazi, na ukiiga hivyo hutakosea. New Zealand kwa wasemaji wengi "cheers" na "chairs", yaani viti, hutamkwa sawasawa, na wanaelewana bila shida.

Sasa chakula cha Krismasi.

Kwanza nikuondolee hofu kuhusu tendo lenyewe, kwa kuwa wengi hudhani kugonga glasi ni ibada yenye siri. Utaambiwa kwamba zamani watu waligonga ili vinywaji vimwagikiane na ijulikane kama kuna sumu. Inasimuliwa kila mahali, lakini haina ushahidi. Chenye ushahidi ni desturi ya kutakiana afya kabla ya kunywa, na hiyo Uingereza ni ya kale mno. Katika karne ya 12 mwandishi Geoffrey wa Monmouth anasimulia binti aliyemkabidhi mfalme kikombe kwa maneno ya kumtakia afya, "wes hail", na mfalme akafundishwa kujibu "drinc hail". Maneno hayo yakawa "wassail". Kusini kidogo ya hapo ulipo, Somerset, katika vijiji kadhaa bado wanakwenda kwenye mashamba ya tufaha katikati ya Januari, kijiji cha Carhampton kikifanya hivyo tarehe 17. Wanaitakia miti afya kwa nyimbo na kutundika matawini vipande vya mkate uliochomwa vikachovywa kwenye cider, pombe ya tufaha. Mkate wa namna hiyo ndio ulioipa desturi nzima ya kunyanyua glasi jina lake la Kiingereza, "toast". Zamani kipande cha mkate mkavu chenye viungo kilitiwa ndani ya mvinyo kuongeza ladha, na gazeti moja la London mwaka 1709 liliandika jinsi mwanamke mrembo anayetajwa watu wanapokunywa alivyofananishwa na mkate ule unaokolezea kinywaji.

Wala usidhani ni Waislamu peke yao walioona tatizo. Mwaka 1628 mwanasheria William Prynne, Mkristo wa msimamo mkali wa Kipuritani, alichapisha kijitabu kizima kulaani kunyweana afya, naye alizaliwa Swainswick, nje kidogo ya Bath, safari fupi ya treni kutoka Bristol. Mwaka 1639 Massachusetts ikapiga marufuku desturi hiyo kisheria. Hoja yao nzito ilikuwa kulazimishana: afya ya fulani ikishatajwa, asiyekunywa ameitukana, na kila mtu akitaja mmoja, meza nzima inalewa kwa adabu. Nawaelewa. Hilo la kulazimishana ndilo lililokufa, na ndilo linalokufaa wewe. Mezani kwa Waingereza wa leo hakuna anayechungulia ulichonacho ndani ya glasi. Wapo watakaokuwa na maji kwa sababu wanaendesha gari, wengine wana mimba, wengine wameacha pombe.

Kwa upande wa lugha na adabu, basi, ni hivi. Mtu akinyanyua glasi na kusema "cheers", nyanyua yako yenye maji au juisi, mtazame usoni, sema "cheers", unywe kidogo. Walio karibu unagonganisha nao taratibu, walio mbali unawaelekezea glasi tu, usinyooshe mkono juu ya chakula cha watu. Unachokitamka hapo ni kumtakia mwenzako moyo mkunjufu, kama Yohana 16 ilivyolitumia. Mkuu wa idara akisimama kuhutubia, mambo hubadilika kidogo. Atamaliza kwa kutaja mtu au jambo, kwa mfano "to our new students", na hapo wote hurudia alichokitaja, hawasemi "cheers". Subiri sekunde moja usikie wenzako wanarudia nini. Kwenye hafla rasmi sana hutajwa mfalme, "The King", na watu husimama, ila kwa chakula cha idara sitegemei hilo.

Ukitaka mfano wa nyumbani, umeshauona. Harusini na kwenye send-off, MC anaita zoezi la kugonga glasi, wageni wanapanga foleni wakicheza kuelekea kwa maharusi, kila mtu na chupa yake ya soda, wazee wa kanisa na majirani Waislamu wakiwemo. Hakuna anayehesabiwa amekunywa. Vitabu vya watalii huwafundisha wageni kwamba Waswahili wakinyanyua glasi husema "afya", na wapo wasemao hivyo au "maisha marefu", lakini ukumbini utasikia "cheers" mara nyingi zaidi. Ndugu zetu wa Kongo, waliozoea Kifaransa, husema "santé".

Kukaa kwenye meza ambayo wengine wanakunywa pombe ni swali la dini, na mimi ni mtu wa lugha. Muulize shehe unayemwamini. Akikushauri usikae, hutakuwa umevunja adabu ya Waingereza: mwandikie mwandaaji mapema kwamba utawapitia kabla ya chakula kuwasalimia, au pendekeza chai ya pamoja siku nyingine. Watu huku wanaheshimu sababu ya dini ikisemwa wazi na mapema, kuliko kutokufika bila taarifa.

Ukienda, hatari yako haiko kwenye neno, iko kwenye sahani na vikombe. "Cider" Uingereza ni pombe ya tufaha, na Bristol imezungukwa na mashamba yake, kwa hiyo ukitaka juisi taja "apple juice" kwa jina kamili. "Mulled wine" inayotolewa ya moto yenye harufu ya mdalasini ni mvinyo. "Christmas pudding" mara nyingi hutiwa brandi na hata kuwashwa moto mezani, "sherry trifle" ina mvinyo ndani yake, na vile vikate vidogo vya "mince pies" vinaweza kuwa na brandi pamoja na mafuta ya ng'ombe ambaye hakuchinjwa kihalali. Mwandikie mwandaaji sasa hivi kwamba unakula halali na hutumii pombe hata kwenye chakula, na uulize kama kuna kitindamlo kisicho nayo. Na barua hiyo, kwa kuwa unamwomba mtu ashughulike kwa ajili yako, imalizie "Many thanks".